Mkunga Asiyejua Kugeuka

Mpaka sasa gharama ni hii: vidole viwili vya mguu wa kushoto, ndoa moja, gego moja, na mapafu ambayo daktari wa hospitali anasema hayatarudi kuwa yale ya zamani. Nimehesabu mara mbili. Gego sikuwa na hakika nalo, nikamuuliza mwenyewe, akapanua mdomo katikati ya duka langu, mbele ya wateja, akanionyesha pengo.

Mwenye gharama hizo ni mkunga. Jina analo, la ubatizo na la ukoo, lakini hapa Levolosi silisikii likitumika. Ni Mkunga basi. Huyu ni mama aliyestaafu hospitali, anayezunguka bila malipo kuzalisha wanawake wa maboma ya nyuma ya Mlima Meru, na ambaye katikati ya mizunguko hiyo hupanda milima mirefu kama watu wengine wanavyokwenda kumsalimia shangazi.

Sasa anataka kupanda tena. Daktari amemwambia akipanda juu sana huenda asishuke akiwa hai. Asipopanda, maboma yale yanabaki bila mkunga. Hayo ndiyo yaliyo mezani, na mimi nimevutwa kwenye meza hiyo bila kupenda. Nikianza na namna nilivyovutwa utasema mama huyu ni kichaa, na si kweli. Nimefanya naye biashara miaka mingi. Kichaa hawezi kunipunguzisha bei namna ile.

Biashara yangu ni vifaa vya mlima vilivyotumika. Watalii wakishuka huwaachia wapagazi majaketi, viatu na mabegi ya kulalia. Wapagazi huniletea mimi, nami huwakodishia watalii wengine na wapagazi wengine. Kuna jaketi humu ndani limefika kileleni mara nyingi kuliko waongozaji wa mji huu. Mimi sijafika. Muuza majeneza naye haulizwi kama ameshawahi kulala ndani.

Siku ya kwanza aliingia na masweta mawili mwilini, na jua la Februari lilikuwa linapasua lami. Huyu mtu wa barafu hupata baridi Arusha mjini. Hakunisalimu. Alichukua jaketi la manyoya kwenye msumari, akaingiza mkono ndani yake, akaliminya.

"Hili unamkodisha nani?"

"Shikamoo mama. Wapagazi."

"Marahaba. Limekufa hili. Manyoya yameshikana kama uji wa jana. Mpagazi atalivaa atetemeke usiku kucha, asubuhi atasema hajambo kwa sababu akisema anaumwa atashushwa na kazi imekwisha. Watalii unawapa lipi?"

Nikamwonyesha.

"Basi wapagazi wape hilo, kwa bei ya hili bovu."

Nikacheka kwa heshima. Nikamweleza habari ya kodi ya fremu. Nikamweleza habari ya panya. Tulibishana mpaka wateja wawili wakaondoka na wa tatu akaketi kusikiliza. Wakati huo mke wangu alikuwa kwenye kiti nyuma ya meza, mja mzito wa kukaribia. Mkunga akaniacha na sentensi mdomoni, akamwendea, akamwomba ruhusa, akamshika tumbo kwa viganja vyote viwili na kufumba macho.

"Huyu mtoto ametanguliza matako," akasema. "Kesho asubuhi mpeleke hospitali. Usingoje uchungu, unasikia?"

Na ikawa kweli. Mtoto alitoka kwa upasuaji, mzima. Nilimhesabu vidole mara mbili, nesi akaniuliza kama nilidhani wameiba kimoja. Wiki ile ile Mkunga akarudi dukani kumalizia habari ya majaketi, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hebu niambie, hapo unabishanaje bei? Angedai kwanza ningeelewa, ni biashara. Yeye alitoa kwanza, bure, kisha akadai. Nilimpa majaketi. Ndiyo mara pekee aliyonishinda kirahisi, na tangu siku ile kila anachoomba mimi huanza kwa kukataa, hata kama ni maji ya kunywa.

Mlimani, wanasema, hutembea mwisho kabisa. Kundi likiwa na daktari wa kigeni, daktari hutangulia na watalii. Mkunga hubaki nyuma na wabeba majiko, akisikiliza vikohozi. Ana kile kimashine cha kubana kidole kinachosoma oksijeni, lakini hakiamini sana. Anasema kinapigwa baridi kama binadamu na kinasema uongo kama binadamu. Huamini zaidi namna mtu anavyofunga kamba za viatu. Mpagazi akishindwa fundo analolifunga tangu darasa la kwanza, huyo anashuka, na Mkunga habishaniwi. Mtalii akilia kwamba ameuza gari lake kwao ili afike juu, humpigapiga mgongoni na kumwambia maneno yake yale yale: "Kilele hakina uchungu, mwanangu. Kinaweza kungoja." Nimesikia vijana waliofanya naye kazi wakiyasema hadi kwenye foleni ya benki.

Na huyo huyo hawezi kupanda ngazi ya mbao. Balbu yake ilipoungua, alikaa gizani mpaka nikaenda kumbadilishia, akiwa amesimama mlangoni ananiambia nishuke, nishuke, nitaanguka. Mbwa akibweka ng'ambo ya barabara yeye hubadilisha njia. Katika kwaya ya usharika wao huimba sauti ya pili, na wenzake hulalamika kwamba hawezi kungoja kiitikio. Kuna vitu vingine pia hawezi kuvingoja. Nimewahi kumwuliza: wewe unayewashusha watu wazima wakilia, wewe mwenyewe umewahi kushuka kabla ya kufika? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa amewahi kula sabuni.

Vidole vilikwenda Nepali. Wapanda milima aliowahi kuwasaidia walimwalika kwao huko juu, na kambini akamkuta mpishi, mwanamke, miguu imelowa. Akampa soksi zake kavu na vifuniko vya viatu, barafu ikala vidole vyake yeye. Aliporudi nilimtazama anavyoweka mguu sakafuni, nikamwuliza. Akaniambia amepunguza mizigo. Nilipigwa na butwaa, nikamwambia hayo si ya kutaniwa. Akasema, "Vilikuwa viwili vya pembeni. Viwili vya pembeni huwa vinakusaidia nini wewe?" Nikavichezesha vyangu ndani ya kiatu.

Ndoa alinieleza mwenyewe, akipima gaita, kile kitambaa kigumu cha kufunga juu ya kiatu theluji isiingie. Mume alikuwa mkulima wa kahawa na migomba, mtu mpole wa kule mteremkoni Meru. "Alisema nichague yeye au milima. Nikamwambia ngoja niende nirudi tuzungumze. Nimerudi, nikakuta ameshazungumza peke yake." Akavuta zipu ya gaita. "Hii imekatika jino. Punguza."

Gego sasa, ni teke. Mama mmoja alikuwa anajifungua mtoto wa nne, Mkunga akainama vibaya. "Mwenyewe alinipa pole na mbuzi," alisema. "Mbuzi nikamrudisha. Pole nikaibeba."

Namna alivyoanza kwenda kwenye maboma hayo ni kwa kosa, na kosa lenyewe lisingetokea kwenye milima ya watu wengine.

Alikuwa na kipimo chake. Usiku wa kwenda kileleni, pale kambi ya Saddle ya Mlima Meru, alikuwa anapita kwa kila mpagazi na kumwuliza, "Baba yako anaitwa nani?" Ubongo ukikosa hewa huanza kuangusha vitu, na jina la baba ni kitu kizito, ukiona limeanguka, ujue hali ni mbaya. Kipimo kilimsaidia miaka. Sasa usiku mmoja akamfikia kijana wa Kimaasai aliyekuwa amebeba mahema tangu lango la Momela bila kukohoa hata mara moja.

"Baba yako anaitwa nani?"

Kimya.

"Mwanangu, nakuuliza. Baba. Anaitwa nani?"

Kijana akatazama chini. Mara ya tatu akatikisa kichwa, machozi yakimlenga. Mkunga hakungoja zaidi. Akampa mtu wa kumsindikiza na tochi, akashushwa usiku ule ule, na mshahara wa safari ukakatwa kama wanavyokatwa wote. Kijana hakusema neno. Alimwamkia, akashuka.

Walipofika chini, Maasai mwingine wa kundi lile akamvuta Mkunga pembeni. "Yeyoo," akamwambia, maana kwao ndivyo wanavyomwita mama, "yule haumwi. Baba yake alifariki. Kwetu jina la aliyekufa hatulitaji."

Alikuja moja kwa moja kutoka lango la Momela mpaka dukani kwangu, vumbi limejaa nyusi, akaketi juu ya rundo la mabegi ya kulalia ambayo nilikuwa nimetoka kuyapanga.

"Nimemshusha mtu kwa sababu ya adabu yake," akasema. "Umesikia? Alikuwa mzima kuliko wote. Nikamwuliza kitu ambacho mtu mwenye malezi hawezi kujibu, nikamwuliza mara tatu, nikaita ugonjwa."

"Mama, hukujua."

"Ndiyo kazi yangu kujua."

Kesho yake alitafuta lifti ya lori la chumvi, akaenda mpaka bomani kwa kijana yule, upande wa nyuma ambako mvua ya mlima haifiki, na sukari, majani ya chai, na mshahara wake mwenyewe wa safari ile ili amkabidhi. Alikwenda kuomba radhi. Alikuta dada wa kijana yuko katika uchungu tangu juzi yake, bibi zake wamechoka, na gari hakuna. Akavua sweta la juu, akawasalimu wale bibi mmoja mmoja, akaomba kukaa nao. Radhi aliomba siku iliyofuata, mtoto akiwa mgongoni mwa shangazi yake.

Tangu hapo kipimo kilibadilika. Mmaasai humwuliza rangi ya ng'ombe wake. Mmeru humwuliza migomba ya nyuma ya nyumba ya mama yake. Chalii wa mjini humwuliza timu yake imefungwa na nani mara ya mwisho, na asiyekasirika anashushwa.

Na tangu hapo akaanza biashara ambayo mimi, kwa ujanja wangu wote, nisingeibuni. Kampuni ya kupandisha watalii ikimtaka mlimani, hataki pesa. Anataka gari, dereva na mafuta. Anapanda nao, na akishuka gari ni lake kwa mizunguko ya maboma mpaka muda wa makubaliano uishe. Hakuna mlima, hakuna gari. Hakuna gari, wanawake wa kule watembee na uchungu mpaka barabarani. Ni hesabu fupi. Nimeirudia, haina kosa.

Majaketi yangu yaliyokufa naye ndiye anayeyachukua. Huyakata mikono, huishona upande mmoja, ikawa mifuko ya kutilia watoto wachanga. Nilimwambia hayo ni mali yangu. Akasema twende ukayaone, basi. Nikaenda, mara moja tu, kwa sababu nilitaka kujua yanauzwaje.

Hayauzwi. Nilikaa nje ya nyumba ya udongo na wazee wa kiume, tukizungumza bei ya mitamba, ndipo sauti za ndani zilipokatika zote kwa pamoja. Mlango ulikuwa wazi. Mkunga alikuwa amepiga magoti, mtoto mapajani, rangi ya mtoto si rangi ya mtu. Alikuwa anampulizia pumzi ndogondogo, kama mtu anayewasha moto asiotaka upae, kisha anamsugua mgongo kwa kipande cha jaketi la bluu nililowahi kulikodisha mwenyewe. Mimi mikono yangu ilikuwa imekaa hewani pale ilipokuwa inaonyesha ukubwa wa mtamba. Siwezi kukuambia ilichukua muda gani. Halafu mtoto akalia kwa hasira, na mzee aliyekuwa karibu nami akaendelea na habari ya mtamba.

Baadaye tuliletewa loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando. Mkunga alikula bakuli zima, akapangusa mdomo, akaniambia, "Yale mengine ya zipu mbovu nayo lete." Nilikataa, kwa mazoea.

Safari yake ya mwisho ilikuwa Kilimanjaro. Vijana wanaeleza kwamba alikohoa tangu kambi ya pili, kikohozi chenye maji ndani, kile kile alichowafundisha wao kukisikia. Walikisikia. Walitazamana. Waliendelea kupanda nyuma yake, waongozaji wenye vyeti, waliokwenda shule, mpaka alipopiga goti na povu la rangi ya waridi likamtoka mdomoni. Ndipo wakamfunga kwenye machela ya gurudumu moja wakakimbia naye.

Nilimshika mmoja wao shati nje ya wodi. "Mlisikia! Mbona hamkumshusha?"

"Kaka," akasema, analia bila kujificha, "nani amwambie Mama ashuke?"

Ndani nilimkuta na mipira puani, midomo rangi ya zambarau, mdogo kitandani kana kwamba kuna sehemu yake imebaki juu. Nilimwamkia. Akafungua jicho moja. "Jaketi lako limechafuka. Usinidai."

Wiki iliyopita alikuja dukani. Mlango wangu una vidaraja viwili. Nilimsikia kabla sijamwona. Alisimama kwenye cha kwanza, akavuta pumzi, akapanda cha pili, akashika fremu. Nikajifanya natafuta kitu chini ya meza ili asijue kwamba nimesikia.

Akaniambia kampuni moja ina kundi la Mlima Meru mwezi ujao. Wakimpata, watampa gari kwa mwaka mzima. Kule maboma kuna wasichana wawili aliowasomesha ukunga. Wanamaliza chuo ndani ya mwaka huo, na wana ahadi ya kupangiwa zahanati ya kule kule. "Mwaka mmoja wa gari," akasema. "Basi. Baada ya hapo siihitaji milima, wala kule maboma hawanihitaji mimi."

"Tafuta daktari kijana apande badala yako."

"Nimetafuta. Wote wanataka pesa. Gari la kuwapeleka maboma wanalitaka la nini?"

"Kaa Miriakamba, kibanda cha chini. Wakiumwa wakuite kwa redio."

"Nimeomba. Wamekataa. Anayelipwa anakwenda na kundi."

"Basi sikukodishi viatu," nikasema. "Wala jaketi. Wala fimbo. Zunguka mji mzima, nitapiga simu kwa kila muuzaji, hupati hata kamba."

Nilitegemea abishe. Nilikuwa nimejipanga, nina hoja kama saba. Hakubisha.

"Sikuja kukodi viatu, ninavyo," akasema. "Nimekuja kukukodi wewe."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Wale vijana nimewafundisha mwenyewe, ndiyo maana hawafai. Nikisema twende, watakwenda. Watanisikia ninakohoa, watatazamana. Wewe tangu nikujue hujanikubalia kitu hata kimoja bila ugomvi. Uliwahi kuninyima koti la mvua lililotoboka. Twende wote. Utembee na mimi nyuma. Ukisikia kifua changu kimebadilika, niambie nigeuke."

"Mama, mimi kupanda ghorofa ya benki ninapumzika katikati."

"Tutakwenda polepole."

"Na ukikataa kugeuka?"

Akatazama majaketi kwenye misumari. Nimemwona mbele ya mtoto asiyepumua, na nimemwona na mipira puani, lakini sijawahi kumwona akiogopa, ila ngazi na mbwa. Pale aliogopa.

"Nitakataa," akasema. "Juu kule mimi si mtu wa kuambiwa, najijua. Nitakuambia najisikia vizuri. Nitakuambia kitu cha kukuumiza ili unyamaze. Wewe usikubali."

Akaegemea meza kuvuta pumzi, akashuka vile vidaraja viwili kimoja kimoja. Jibu analitaka Jumapili baada ya ibada.

Nimefikiria kukataa. Nikikataa, atapanda na wale vijana watakaotazamana. Kwa hiyo hilo la kukataa limekwisha, na nimeanza kutembea asubuhi kuelekea Kikwe na kurudi, viatu vya kukodisha vikinichubua visigino, wapagazi wakinizomea barabarani, "Mzee, umefilisika unajikodishia mwenyewe!" Miguu itazoea. Kinachonikosesha usingizi ni maneno. Bei ninaweza kuikataa katika hali yoyote, lakini sijawahi kumwambia mtu ninayemheshimu ashuke, akiwa anakiona kilele, na wanawake wa maboma manne au matano wakiwa upande wake.

Kwa hiyo nakuuliza wewe unayesoma. Kama uliwahi kumzuia mama yako, au mwalimu wako, au yeyote aliyekuzidi kwa kila kitu, na akageuka kweli, ulimwambia nini? Usinipe maneno ya heshima, hayo ninayo dukani mengi. Naomba lile lililofanya kazi. Nitumie kabla ya Jumapili, bei utaje mwenyewe, na safari hii sitaomba upunguze.